Mbulu Yatufunza Kuuliza Kwanza

Ziko sehemu za nchi yetu ambazo hutajwa siku ya msiba, kisha zikasahauliwa. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope na mawe kutoka mlima Hanang, yakaufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha yao. Kwa siku chache jina la Hanang lilikuwa katika kila kinywa, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba. Michango ikatolewa, rambirambi zikasomwa. Halafu mambo mengine yakaja, na wengi wetu tukarudia desturi ya zamani ya kuijua nchi ile kwa vitu vitatu tu: vitunguu saumu, ngano na wanariadha.

Sisi twaona ni haki kuzungumza habari za Mbulu na Hanang siku isiyo ya msiba. Hatufanyi hivyo ili kuwapamba wenyeji kwa sifa, kwani hawakutuomba sifa. Twafanya hivyo kwa sababu historia yao ina fundisho ambalo kila mwanachama na kila mfanyakazi yampasa kulijua, na zaidi ya wote kila kiongozi atiaye sahihi barua ya kuamua mambo ya watu wengine. Fundisho lenyewe ni fupi. Katika nchi ile, mambo makubwa yaliyoanzishwa bila kuwauliza wenyeji yalirudi baadaye kudai deni. Na yale ambayo watu waliyachagua wenyewe, waliyamaliza hata kwa shida kubwa.

NCHI NA WATU WAKE

Atokaye kwenye bonde la ziwa Manyara kwenda Mbulu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara, na akifika juu hukuta nchi nyingine kabisa: baridi, mabonde membamba, mashamba madogo yaliyopangwa kwenye miteremko. Upande wa magharibi ardhi hushuka tena kuelekea bonde la Yaeda na ziwa Eyasi. Upande wa kusini mlima Hanang umesimama peke yake, urefu wake mita 3,417. Wilaya ya Mbulu ya zamani za Waingereza ilikuwa kubwa mno; ndani yake zilikuwamo Karatu, Babati na Hanang za leo. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Mkoa wa Arusha, Mbulu, Babati na Hanang zikaingia Manyara, Karatu ikabaki Arusha.

Jambo la kwanza la kustaajabisha katika nchi hii ni lugha. Wairaqw, pamoja na ndugu zao Wagorowa wa Babati, husema lugha za jamii ya Kikushi. Wadatoga, na miongoni mwao Wabarbaig wa Hanang, husema lugha ya Kinailoti. Wahadzabe wa Yaeda na Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, ambayo wataalamu wameshindwa kuiunga na ukoo wowote mwingine. Na jirani zao Wambugwe, Warangi na Wanyiramba ni Wabantu. Ni nadra sana katika Afrika kukuta jamii nne za lugha zimekaribiana kiasi hiki, zikikutana katika mnada mmoja wa ng'ombe.

Lakini tazama majina waliyoitwa watu hao katika vitabu na katika mafaili ya serikali. Wairaqw waliitwa Wambulu. Wadatoga waliitwa Wamang'ati, na neno hilo ni la Kimasai, maana yake adui. Wahadzabe waliitwa Watindiga. Wageni walifika, wakauliza njia kwa jirani, wakayaandika majina aliyoyasema jirani. Mwenye jina hakuulizwa. Mtu aweza kusema kwamba jina ni jambo dogo. Nasi twakubali kwamba jina halimnyimi mtu chakula. Hata hivyo, aliyezoea kuandika jina la mtu bila kumwuliza hataona taabu, siku ya pili, kuandika mpaka wa shamba lake bila kumwuliza.

KILIMO KISICHO NA BWANA SHAMBA

Chimbuko la Wairaqw wa leo ni Irqwa Da'aw, nyanda za juu za Kainam, mashariki ya mji wa Mbulu. Masimulizi yao husema kwamba walitoka mahali palipoitwa Ma'angwatay, wakiongozwa na mzee Haymu Tipe. Vijana walishindana naye juu ya madaraka, wakamteka mwanawe wa pekee, wakamlazimisha baba akubali kupigana vita na Wadatoga, ama sivyo mtoto auawe. Vita ikapiganwa, watu wengi wakafa, na waliosalia wakahama; mzee mwenyewe akafia njiani, na watu wake wakasonga mbele mpaka Irqwa Da'aw. Masimulizi si hati ya mahakama, wala hatuyaleti hapa kwa kuthibitisha tarehe. Twayaleta kwa sababu ya jambo ambalo watu hao wameona linafaa kukumbukwa kizazi hata kizazi: ya kwamba msiba wao ulianza siku watu wachache walipomlazimisha kiongozi kuamua vita kwa kumshika mwanawe, badala ya kushauriana naye.

Huko Irqwa Da'aw ardhi ilikuwa ndogo na hatari ilikuwa kubwa. Wamasai walishambulia kwa ajili ya ng'ombe, hata Wairaqw wakajenga nyumba zao kwa kuchimba ndani ya mteremko na kuziezeka udongo, mtu asizione kwa mbali. Katika nafasi hiyo nyembamba wakafanya kilimo ambacho wataalamu kutoka Ulaya wamekuja kukitazama kwa mshangao. Ng'ombe hulala ndani, samadi yake hukusanywa na kuchukuliwa shambani. Maji ya mabondeni huongozwa kwa mifereji ili pasituame, na viazi vitamu hupandwa juu ya matuta. Miteremko hukingwa udongo usichukuliwe na mvua. Mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote nyumbani kwake, ila huwakopesha kwa rafiki na jamaa wa mbali. Aliyekopeshwa hupata maziwa na samadi, na mwenye mali hupona hasara ya kupoteza wote kwa ugonjwa mmoja au kwa shambulio moja.

Mwaka 2004 mtaalamu wa jiografia wa Sweden, Lowe Börjeson, alitoa kitabu juu ya historia ya kilimo hicho, akaonyesha kwamba kazi ile yote haikujengwa kwa amri wala kwa siku moja. Ilijengwa kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na watu waliokuwa wakilima tu kama kawaida yao. Wairaqw hawakuwa na mfalme wa kuwaamrisha. Walikuwa na wazee, walikuwa na mikutano, na walikuwa na wajuzi wa mvua na wa mipaka walioitwa qwaslare, ambao watu waliwafuata kwa heshima na si kwa kuogopa askari. Jirani zao Wadatoga nao walikuwa na watabiri wao, na jina la Saigilo latajwa katika masimulizi yao hata leo.

Basi hili ndilo jengo la kwanza la historia ya Mbulu, nalo halina jiwe la msingi lililowekwa na mgeni rasmi.

BOMA NA MACHIFU

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipita katika nchi hiyo akielekea kutafuta chanzo cha mto Nile. Ilikuwa miaka ya njaa na sotoka, ng'ombe wa Wamasai wamekwisha kufa kwa maelfu. Nyuma ya msafiri wakaja watawala. Wajerumani wakajenga boma Mbulu, na kutoka bomani zikatoka amri za kodi na za kazi. Na kwa kuwa boma haliwezi kuzungumza na mkutano wa wazee wa kila bonde, likatafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, likamwita chifu.

Waingereza, walioshika nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, waliuendeleza mpango huo na kuutengenezea sheria mwaka 1926, sheria ya mamlaka za wenyeji. Kwa makabila yaliyokuwa na machifu tangu zamani, sheria hiyo ilimgeuza chifu kuwa mtumishi wa serikali. Kwa watu kama Wairaqw ilifanya zaidi ya hapo: iliweka juu yao cheo ambacho babu zao hawakukijua. Hatusemi kwamba kila chifu alikuwa mbaya. Walikuwapo waliofungua shule, walioamua mashauri kwa haki, na waliosimama kati ya raia na bwana shauri. Twasema tu kwamba chanzo cha cheo kilikuwa bomani, na mwenye cheo hutazama kule kilikotoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa kuiendeleza Mbulu. Vichaka vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na watu waliobanana vilimani wakapata nchi mpya ya kulima na kuchunga. Sehemu hiyo ya mpango watu waliipokea, kwa maana walikuwa wakiitaka ardhi hiyo. Lakini sehemu iliyowataka wapunguze ng'ombe wao haikupokewa vivyo hivyo. Mpango ulikuwa mmoja, wataalamu walikuwa wale wale, na watu walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa katika jambo moja: la kwanza liliitikia haja yao, na la pili liliwajia kama hukumu.

KITI KIMOJA KATI YA 71

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo magazeti ya chama hayapendi sana kulitaja, nasi twaona lafaa kutajwa wazi.

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, uchaguzi uliompa Mwalimu Julius Nyerere cheo cha Waziri Kiongozi na kuifungua njia ya Uhuru. Viti vilikuwa 71. Viti 58 vilikwenda kwa TANU bila kupingwa, maana yake ni kwamba wananchi wa huko hawakupata nafasi ya kupiga kura. Vilivyogombewa vilikuwa 13, na TANU ikapata 12. Kilichosalia kilikuwa kiti cha Mbulu.

Mgombea rasmi wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo. Aliyesimama dhidi yake, bila bendera ya chama, alikuwa Herman Sarwatt. Na Sarwatt hakuwa mtu wa chama pinzani. Alikuwa mwanachama wa TANU. Chama cha upinzani cha wakati ule, ANC ya Zuberi Mtemvu, hakikupata kiti hata kimoja katika nchi nzima. Watu wa Mbulu hawakuukataa Uhuru, wala hawakuichagua ANC. Walipewa majina mawili, wakachagua moja, na jina walilolichagua halikuwa lile lililowekewa muhuri.

Wapo waliosema kwamba kura ile ilikuwa kura ya ukabila. Yawezekana kwamba mioyoni mwa baadhi ya wapiga kura ukabila ulikuwamo; nani atadai kwamba katika mwaka ule haukuwamo mahali pengi? Lakini dawa ya ukabila ni elimu na kazi za pamoja. Kumnyima mwananchi nafasi ya kuchagua si dawa. Ni kuuficha ugonjwa chini ya blanketi. Tena tukumbuke kwamba katika viti 58 hatuwezi kusema lolote juu ya moyo wa mpiga kura, kwa kuwa hakuulizwa. Ni katika vichache vilivyogombewa tu ndiko tulikopata jibu lake, na huko Mbulu jibu lilikuwa tofauti na tulilolitazamia.

Kiti kimoja hakikuiangusha TANU. Lakini swali lililoulizwa na kiti hicho halikufa. Mwaka 1963 Mwalimu alieleza kwa maandishi kwamba pale ambapo chama kimoja kina nguvu hata hakipingwi, mwananchi hubaki bila nafasi ya kuchagua mbunge wake, na kwamba jambo hilo lahitaji kutengenezwa. Mwezi wa Januari 1964 ikateuliwa tume chini ya Rashidi Kawawa. Na katika uchaguzi wa Septemba 1965, chini ya Katiba ya Muda ya mwaka ule, wanachama wawili wa TANU waliruhusiwa kushindana mbele ya wananchi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Watu wakachagua, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaanguka.

Hatusemi kwamba Mbulu peke yake ndiyo iliyoleta badiliko hilo. Twasema kwamba jambo lililoonekana kuwa ukaidi mwaka 1960, mwanachama kushindana na mwanachama na raia kuamua kati yao, miaka mitano baadaye lilikuwa sheria ya nchi nzima. Mfumo huo nao ulikuwa na mipaka yake, na mwaka 1992 nchi ikarudia vyama vingi. Lakini chama kinachosoma historia yake kwa uaminifu hakiwezi kukihesabu kiti cha Mbulu kama aibu.

NGANO YA BASOTU

Ingekuwa vizuri kama fundisho lile la kura lingefika pia katika mambo ya ardhi. Halikufika.

Kusini ya Mbulu, katika nyanda za Basotu chini ya mlima Hanang, Wabarbaig walichunga ng'ombe wao kwa zamu. Walijua majani ya wakati gani yako wapi, na nyanda zile zenye rutuba hawakuzikalia mwaka mzima. Waliziachia zipumzike, kisha wakazirudia. Mtu apitaye wakati wa kupumzisha angeziona tupu. Na ndivyo walivyoziona wapangaji. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa serikali ya Kanada, lilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano. Yakafika mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gidagamowd, Murjanda, Gawal na Warret, jumla yake ekari zipatazo 100,000.

Tuseme kweli yote. Ngano ilivunwa, na ilikuwa nyingi. Vijana wa nchi hii walijifunza kuendesha na kutengeneza mitambo mikubwa, na sisi wa mijini tulikula mkate. Nia ya taifa kujilisha lenyewe ilikuwa nia njema. Lakini mkate ule ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu. Wachungaji walifungiwa njia za kwenda majini na kwenye machunga. Ng'ombe wakasongamana katika ardhi iliyobaki. Na trekta zikalima juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wa Kibarbaig, ambayo hujengwa kwa udongo kama kichuguu kirefu na kufanyiwa maombolezo ya miezi kadhaa. Kwa mwendesha trekta kilikuwa kichuguu; kwa Mbarbaig alikuwa babu yake.

Watu wa Mulbadaw hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani, kama raia wa nchi ya sheria wanavyotakiwa kufanya. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa shirika. Kijiji, ilisemwa, hakikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria. Na wanakijiji hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria iliyokuwapo. Msomaji na ayafikiri maneno hayo: mtu ambaye kaburi la babu yake liko chini ya ngano aliambiwa kwamba hajathibitisha uenyeji wake.

Msaada wa Kanada ulikoma katika miaka ya 1990, mashamba yakadhoofika, na shirika lenyewe likaondoka. Sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa wanavijiji, na nyingine ikapewa wawekezaji. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili mpya, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, ambazo huitambua haki ya kimila sawasawa na haki ya hati. Ziko sababu nyingi zilizoleta sheria hizo, na mashauri ya Hanang ni mojawapo ya yale yaliyoonyesha haja yake.

Ni hivyo hivyo kwa Wahadzabe. Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali, kwa nia njema, iliwakusanya Yaeda ili waache kuwinda na waanze kulima. Wengi wakaugua kwa kukaa pamoja katika hali wasiyoizoea, na walio wengi wakarudi porini. Miaka karibu 50 ikapita kabla ya njia nyingine kufuatwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, kwa pamoja na kwa jina lao wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wao ndio waliolalia.

ALIYEMALIZA MBIO

Pengine msomaji ataanza kudhani kwamba watu wa Mbulu ni watu wa kukataa tu. La hasha. Taifa hili limewatuma kazi nzito, nao wakaifanya.

John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika michezo ya Olimpiki mjini Mexico, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Njiani wakimbiaji walisongamana, naye akaanguka, akaumia goti vibaya na bega pia. Wengi waliojeruhiwa chini ya hapo huacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda na kuvikwa nishani, zaidi ya saa moja imepita, jua limetua na watazamaji wengi wameondoka, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa kitambaa. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule mbali ili aanze mbio, ila ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Nishani ya taifa alipewa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Twalitaja pengo hilo bila ya kumlaumu mtu. Twalitaja ili lisirudiwe kwa wengine.

Hakuwa peke yake. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, ambayo wakati wa kuzaliwa kwake ilikuwa ndani ya Mbulu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakukimbia kama wakimbiaji wengine walivyofundishwa, kujificha nyuma na kungoja mzunguko wa mwisho. Alishika mbele tangu mwanzo na hakumwachia mtu amwamulie mwendo. Naye Gidamis Shahanga wa Katesh alipata nishani ya dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978 mjini Edmonton, na ya mita 10,000 mwaka 1982 mjini Brisbane.

Sisi twalitazama neno moja katika jibu la Akhwari, nalo ni kutumwa. Mtu hutumwa, ng'ombe huswagwa. Anayetumwa ameelezwa aendako, amekubali kwenda, na heshima ya aliyemtuma ameibeba moyoni, ndiyo sababu goti likivunjika haachi. Anayeswagwa hutazama upenyo wa kutoroka, na akiupata si kosa lake. Nchi ile ile iliyokataa mgombea iliyepewa, na kwenda mahakamani juu ya ardhi iliyochukuliwa, ndiyo iliyomtoa mtu huyu. Hakuna la kushangaza hapo.

TUNALOSEMA

Atatokea mtu aulize: tukimwuliza kila mtu, kazi itafanyika lini? Swali hili ni la haki, kwa maana taifa lina haraka na shida hazingoji. Jibu letu ni hili. Mashamba ya ngano yalianzishwa upesi, na mashauri yake yakaendelea kwa miaka mingi baadaye. Wahadzabe walikusanywa kwa msimu mmoja, wakatawanyika, na njia iliyofaa ikaja baada ya nusu karne. Hesabu na ipigwe yote, tangu mwanzo hata mwisho, ndipo tujue ni njia ipi iliyo fupi.

Tena tusidanganyane juu ya maana ya kuuliza. Mkutano unaoitishwa wakati bikoni zimekwisha kusimikwa si wa kuuliza, ni wa kutangaza. Mkutano unaofanywa kwa Kiswahili cha ofisini mbele ya wazee wasiokisema, bila mkalimani, hauulizi kitu. Mkutano ambao wanawake wamekaa nyuma wakisubiri kupika chakula cha wageni umewauliza nusu ya watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji madaraka ya kukubali na ya kukataa. Neno kukataa limo, nalo halikuwekwa kwa mapambo.

Na wafanyakazi wasifikiri kwamba haya ni ya wakulima na wachungaji peke yao. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi kwa sababu hiyo hiyo: anayeshika mashine aulizwe juu ya mashine. Mfanyakazi anayedai haki hiyo kiwandani, kisha akakaa kimya anaposikia kwamba kijiji fulani kimeamuliwa mambo yake na watu wa mbali, anadai nusu ya haki.

Kwa hiyo twapendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha. Kila kiongozi apangwaye kufanya kazi Mbulu au Hanang, wa chama au wa serikali, kabla ya kufungua jalada la kwanza, na apande Kainam kwa miguu pamoja na wazee wa huko, kisha ashuke Basotu aonyeshwe mahali makaburi yalipokuwa. Asiende na hotuba. Aende na daftari tupu, na akirudi bomani, alianze jalada kwa yale aliyoandikiwa na wenyeji.